Tulichanga Mashine, Halafu Tukachanga Filta

Mstari uliotugombanisha ulikuwa wa mwisho kabisa kwenye bajeti, chini ya usafiri na chakula cha wageni. Niliuandika kwa mkono wangu: "Spea na matengenezo, miaka mitatu." Mbele yake nikaweka robo ya pesa zote tulizokuwa tunazitafuta. Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima zake ambaye hajawahi kufika kikaoni bila tai, alivua miwani, akaipangusa, akaniuliza kwa ule upole wake unaouma: "Mama, umekuja kuchangia hospitali au kulitafutia duka lako wateja?"

Wakacheka wote. Nikacheka nao, maana swali lilikuwa na msingi. Mimi nauza spea. Niko Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na kutwa nzima nahesabu filta, bushi, shoksi na mikanda ya injini. Za magari, si za hospitali. Lakini ukisimama nyuma ya kaunta kama ile miaka mingi, kuna jambo unalijua kuhusu sisi Wakenya: kununua tunaweza. Mtu atakopa kwenye Sacco, anunue Probox, aifunge utepe, pasta aiombee, na mwezi wa tatu aje kubishana nami juu ya bei ya filta ya oil kana kwamba nimemwibia. Nilikuwa nikiiona Probox hiyo hiyo ikija, ila safari hii ingeegeshwa kwenye wodi ya watoto wachanga.

Sisi ni chama cha watu wa kwetu tunaoishi Nairobi. Kwetu ni upande wa Mwingi: unatoka Thika, unapita Matuu, unafika Mwingi, halafu unaiacha lami na kuanza kula vumbi. Hospitali yenyewe ni ya misheni. Sitaitaja jina kwa sababu Sista anayeisimamia hapendi mambo ya mitandao, na nilimwahidi. Tunazikana, tunaozeshana, tunalipiana karo. Mara hii tuliitana kwa sababu Sista alituma barua fupi akisema wodi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao ina mashine moja tu ya oksijeni inayofanya kazi, na mitungi inayobaki haitoshi.

Kwa wasiojua, mitungi ni kazi. Inajazwa huku Nairobi, Eneo la Viwanda, inapakiwa kwenye pikapu, inapanda hadi kule, na mitupu inarudi kwa safari nyingine. Mtungi mkubwa unaobeba lita 6,800 za gesi, ukiufungulia mgonjwa mmoja mtu mzima lita 5 kwa dakika, haumalizi saa 24. Mtoto mchanga anatumia kidogo zaidi, lakini hospitali ya kijijini haina mtungi wa mtoto na mtungi wa mzee. Anayeingia amezidiwa ndiye anayeupata. Na bima ikichelewa kulipa, anayejaza mitungi hatangoja. Naye ana mishahara ya kulipa.

Ndiyo maana Sista aliomba konsentreta. Hiyo haihitaji pikapu. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo asilimia 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni, inaipitisha kwenye punje za madini yanayoitwa zeolaiti, naitrojeni inanaswa humo, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Mradi stima ipo, inatengeneza usiku na mchana. Kwenye orodha yake kulikuwa pia na monita, vipima oksijeni vya kubana kwenye mguu wa mtoto, kitanda chenye joto, na ile mashine ya kumsaidia mtoto kupumua ambayo wauguzi wa kule wanaiita sipapu.

Hakuna aliyepinga orodha hiyo. Kikao kilikuwa ghorofani kwenye hoteli moja hapa Nairobi, karibu na steji ya Machakos, chai na mandazi juu ya meza, na kila aliyesimama aliahidi kitu. Mmoja kitanda cha joto, kwa kumbukumbu ya mama yake. Vijana wa boda waliohamia mtaa wa Pipeline wakasema monita moja ni yao. Nilipofika kwenye spea, kimya.

Ule mstari sikuutunga kichwani tu. Wiki chache nyuma nilikuwa nimeenda matanga kijijini, nikapita hospitalini kumsalimia Sista, naye akanikabidhi kwa kijana wa biomed anizungushe. Biomed ndiye fundi wa vifaa vya hospitali. Huyu amesomea KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, ni mpole, anatembea na bisibisi mfukoni kama mwingine anavyotembea na kalamu. Aliponiambia "Mama, ngoja nikuonyeshe stoo," nilidhani ataniringia vitu vyake. Alifungua kufuli, nikakutana na makaburi.

Mashine za kufyonza makohozi, mbili. Kitanda cha watoto chenye kioo, kizuri, maandishi yake ya lugha ambayo hakuna anayeisoma hapo. Mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji iliyokosa mpira wa mlango, mpira tu! Konsentreta tatu zimepangana ukutani kama wanafunzi waliofukuzwa. Nikamuuliza zimekufa nini. Akaanza kunisomea moja moja bila kuangalia karatasi. Hii iliungua stima iliporudi kwa nguvu baada ya kupotea. Hii ilitoka Marekani, ni ya volti 120, mtu wa zamu ya usiku akaichomeka moja kwa moja ukutani kwenye 240 yetu. Hii ya tatu kila kitu ni kizima isipokuwa zeolaiti, iliyoingiwa na unyevu. Spea zake haziletwi tena na aliyeiuza alishafunga duka.

Karibu kila kitu mle ndani kilipokewa kwa nyimbo. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila uchungu. Vibandiko vya waliotoa bado vilikuwapo, vingine vina mioyo.

Tusidhani ni kwetu tu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya rekodi za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zisizo na uwezo, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Na hapa Kenya tunakumbuka mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kukodisha vifaa kwa hospitali 98. Seneti ilipokuja kuuchunguza, ripoti yake ya mwaka 2020 ilisema kuna vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa stima, maji au mtu aliyesomea kuviendesha. Hapo pesa zilikuwa mabilioni, na matengenezo yalikuwa ndani ya mkataba. Sasa sisi, wenye kadi za mchango na jogoo wa mnada, tungejitia hatuyaoni?

Hata harambee yenyewe ina historia hiyo. Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, watu walichanga kweli: shule, zahanati, mabirika ya maji. Marehemu baba yangu alibeba mawe ya zahanati mabegani na alijivunia mpaka kufa. Lakini jengo likiisha kuezekwa, wananchi waliketi kando wakingoja serikali ilete muuguzi na dawa, na sehemu nyingi walingoja sana. Kuchanga kwa ajili ya kitu kinachosimama tunakuweza tangu zamani. Kuchanga kwa ajili ya kitu kinachokwisha kila mwezi, hapo ndipo tunapoanza kuangalia saa.

Nilisema hayo yote pale hotelini, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa mbele ya wazee, na hayakusaidia kitu. Aliyesaidia ni mama mmoja mstaafu, aliyekuwa muuguzi wa watoto wachanga miaka yake yote ya kazi, ambaye mpaka hapo alikuwa anakunywa chai yake tu. Aliweka kikombe chini.

"Mzee," alimwambia mwenyekiti, "gari likiharibika linasimama, unajua limeharibika. Mashine ya oksijeni si hivyo. Inaweza kuendelea kunguruma vizuri kabisa, na pale mbele inatoa hewa ile ile ya dirishani. Zingine zina taa ya kukuonya, zingine hazina. Wewe muuguzi unaona mpira uko puani kwa mtoto, unajua umemsaidia. Bila kipimo huwezi kujua."

Mwenyekiti akavaa miwani yake. Hatukufika robo. Tulikubaliana shilingi ishirini katika kila mia, ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, watia sahihi wawe watatu, na pesa zisitoke bila biomed kuandika anachokitaka na Sista kukubali. Mimi nikabaki mweka hazina. Nadhani walitaka kuniadhibu.

Sasa kuuza wazo hilo kwa watu ambao hawakuwa kikaoni. Niliandika "matengenezo" kwenye kundi la WhatsApp, nikapata vidole gumba na hakuna hata shilingi. Ni kosa la neno lenyewe, halina sura, hakuna atakayemwambia mkewe jioni, "Leo nimechangia matengenezo." Basi nikafanya kama ninavyofanya dukani, nikakivunja kitu vipande na kila kipande nikakipa bei. Filta ya konsentreta, za mwaka mzima. Mipira midogo ya puani ya watoto. Betri za UPS, ile inayoshikilia mashine stima ikipotea. Stabilaiza, ya kuzikinga mashine na stima inayorudi kwa nguvu. Kihisi cha kile kipimo cha kupimia oksijeni inayotoka kwenye mashine, maana nacho kinazeeka na lazima kibadilishwe. Chagua chako, jina lako litaandikwa.

Halafu nikamwomba biomed anipigie picha. Akatoa filta ya ile mashine moja iliyokuwa inafanya kazi, akaiweka juu ya karatasi nyeupe kando ya filta mpya. Kipindi hicho cha kiangazi, mvua za Novemba bado ziko mbali, vumbi la kwetu linaingia hadi kwenye sukari. Ile filta ilikuwa rangi ya barabara. Nikaituma bila maelezo mengi: "Mtoto anavuta pumzi kupitia hapa." Hiyo picha iliingiza pesa kuliko hotuba zote.

Niseme pia kwamba hatukutumia picha hata moja ya mtoto. Kulikuwa na mjumbe aliyetaka sana tuweke mtoto mwenye mipira puani kwenye bango, akasema ndiyo inayogusa watu. Sista alikataa kabla hajamaliza sentensi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, ndiyo, lakini Sista hakutaja sheria. Alisema yule mtoto atakua, ataoa, na hataki siku moja wakwe zake wamtambue kwa bango.

Kuhusu kukusanya pesa zenyewe, nitawaambia machache ambayo huenda yakamfaa mweka hazina mwingine.

Pesa zisipitie simu ya mtu. Hata kama mtu huyo ni wewe na unajiamini. Tulitumia namba ya Paybill iliyofunguliwa kwa jina la mfuko, taarifa ya akaunti natoa kwenye kundi kila Jumapili jioni, na aliyetaka kubishana alibishana na karatasi. Pale kwenye "akaunti namba" tuliomba watu waandike jina lao. Ee, watu! Kuna aliyeandika "Rafiki". Kuna "Mungu Anaona". Kuna mmoja aliyeandika "Deni la Kioko limeisha" na mpaka leo sijui Kioko ni nani wala ananidai nini. Wote niliwaandika kama walivyojiandika.

Na ile orodha ya WhatsApp, mnaijua. Kila mtu anakopi, anaongeza jina lake chini, anaibandika tena. Kisha shemeji yako aliyekuwa hana bando tangu asubuhi anaamka, anakopi orodha ya jana, anaongeza lake, na waliochanga mchana wote wanapotea. Ugomvi unaozuka hapo unaweza kuvunja ukoo. Nilitangaza kwamba orodha ni yangu peke yangu, anayeigusa nitamfuta yeye. Niliitwa dikteta. Sawa.

Siku ya harambee tuliifanyia ukumbi wa kanisa huku Eastlands. Mwenyekiti alikuwa ametutafutia mgeni wa heshima, mheshimiwa fulani, kadi zikachapishwa na jina lake kwa wino wa dhahabu. Kisha ikaja Julai 2024, nchi imechemka kwa maandamano ya vijana, na Rais Ruto akatangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Mheshimiwa akatuma ujumbe wa pole. Mwenyekiti alihuzunika kama aliyefiwa, kwa sababu kadiri ya hesabu zake mheshimiwa "pamoja na marafiki zake" wangeleta nusu ya mzigo. Tulisogeza siku mbele, tukachapisha kadi nyingine za wino wa kawaida.

Kwangu mimi ilikuwa nafuu, na nililisema hilo kwa sauti ndogo. Mgeni wa heshima analeta bahasha nene, ni kweli, lakini analeta pia saa mbili za kumngoja, kipaza sauti anachokishika mpaka chakula kinapoa, na baadaye jina lake kwenye mashine. Mashine yenye jina la mtu ikiharibika, hakuna anayethubutu kuitoa wodini.

Badala yake meza ya mbele alikaa biomed. Tulimlipia nauli, akavaa koti lililompwaya kidogo, akaja na ile konsentreta iliyokufa zeolaiti. Aliiwasha mbele ya watu, ikanguruma. Kisha akachomeka kipimo. Sitasahau namba iliyotoka kwa sababu ukumbi mzima uliinuka kuitazama: ishirini na moja. Hewa ya ukumbini. Akaizima, akakaa chini, hakuongeza neno, na hapo ndipo watu walipoanza kunyanyuka na pesa mikononi.

Mnada ulikuwa mnada. Jogoo mmoja mwekundu alinunuliwa, akarudishwa auzwe tena, akanunuliwa, akarudishwa, mpaka akafumba macho mwenyewe. Debe la ndengu kutoka nyumbani lilipanda bei mpaka nikahisi ni dhahabu. Kiondo alichosuka mama yake mwenyekiti, mwanamke wa miaka zaidi ya tisini, kiligombaniwa na mabinti wawili wa ofisini mjini na ikabidi tuwaombe wasameheane. Tukala muthokoi. Mtu mmoja alilala.

Kulikuwa na jaribu moja zaidi kabla ya kununua. Kijana wetu mmoja anayeishi Dallas alipiga simu akisema amepata hospitali inayobadilisha vifaa, yuko tayari kutuletea kontena zima bure, sisi tulipe tu kulitoa bandarini Mombasa na kulipandisha. Bure! Kundi lilichemka. Mzee mwenyekiti akaanza kuandika hotuba ya shukrani.

Nilimpigia yule kijana usiku, maana huko kwao ni mchana. "Mwanangu," nikamwambia, "Mungu akubariki. Hebu nitazamie nyuma ya kila mashine, kuna kibandiko. Volti ngapi?" Akasema 120. Hetzi? 60. Sisi huku ni 240 na 50. Nikamuuliza kitabu cha maelekezo kipo, filta zake zinauzwa na nani Nairobi, mwaka wa kutengenezwa ni upi, na kama kampuni bado inatengeneza spea. Alinyamaza, kisha akasema, "Auntie, unaongea kama askari wa forodha." Lakini ni kijana mwema, hakukasirika. Alirudi kuangalia, akatambua kwamba vitu vingi vilikuwa na umri wake. Tukakubaliana kontena libaki, yeye atume pesa. Alituma nyingi, na za filta za mwaka mmoja juu yake.

Kununua kulinifurahisha kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa hapo nilikuwa nyumbani. Tulichukua kwotesheni kutoka kwa wauzaji kadhaa wa mjini na wa Upper Hill. Kila mmoja alianza na mashine, mimi nilianza na filta. "Mnayo hapa, dukani, leo?" Mmoja, kijana wa suti nzuri, alisema wataagiza, wiki nane. Nikamwambia mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa ya wiki thelathini hana wiki nane za kungoja. Bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote, na kwenye kikao nililazimika kuieleza tena na tena.

Biomed alitaka kitu kingine ambacho sikukifikiria: tununue aina ile ile inayotumika kwenye hospitali jirani. Wao wakikosa kipande wanatuazima, sisi tukikosa tunawaazima, na yeye na mwenzake wa kule wanasaidiana kwa simu. Hakuna aliyepinga. Pia alisema hatulipi salio mpaka kila mashine iwashwe na kupimwa mbele yetu. Muuzaji alinung'unika. Zikapimwa, zote zikapita tisini.

Mzigo ulienda kwa kanta ya binamu yangu, konsentreta zimesimama wima kwa kamba kama abiria, na stabilaiza zilitangulia kwa basi ili ziwe zimefungwa ukutani kabla mashine hazijafika. Hakukuwa na utepe. Sista alitenga siku mbili za mafunzo na akasisitiza wauguzi wa zamu ya usiku ndio waanze, kwa sababu usiku ndipo stima inapotea na daktari yuko mbali.

Nilikaa mafunzoni, wakaniachia kiti cha nyuma. Sipapu ilinishangaza kwa urahisi wake. Mtoto anapumua kupitia mipira ya puani, na bomba la kutolea pumzi linazamishwa kwenye chupa ya maji. Ukilizamisha sentimita 5, mapafu ya mtoto yanabaki na msukumo wa sentimita 5 za maji, hayajikunji kila anapotoa pumzi. Mapovu yakichemka kwenye chupa, kazi inafanyika. Yakinyamaza, mahali fulani pamechomoka. Muuguzi anaweza kuitazama akiwa mlangoni.

Na nilijifunza kwamba oksijeni nayo inaweza kudhuru. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akipewa kupita kiasi, mishipa ya macho inaweza kuharibika hata akapofuka. Kwa hiyo kile kipimo cha mguuni si pambo la mashine. Mtoto akiwa kwenye oksijeni, muuguzi anaitafuta asilimia 90 hadi 95 ya oksijeni kwenye damu, ikipanda juu anapunguza. Nilifikiria ni watu wangapi kwenye mnada walipiga makofi kwa konsentreta na wakapita kimya kwenye vile vipimo vidogo vinavyofanana na kibanio cha nguo.

Mwezi uliofuata stima ilipotea wakati wa mvua, ikarudi kwa kishindo. Stabilaiza moja iliungua, ikatoa moshi. Mashine iliyokuwa nyuma yake haikuguswa. Biomed aliandika karatasi yake, Sista akatia sahihi, sisi watatu tukatia zetu, na siku iliyofuata stabilaiza mpya ilikuwa kwenye buti ya basi la asubuhi. Hatukuitisha kikao, hatukuanzisha orodha mpya, na waliochanga walipata habari Jumapili jioni kwenye taarifa. Mzee mwenyekiti aliisoma, akaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa, kwamba huu ndio uongozi wenye maono ambao YEYE amekuwa akiusisitiza tangu mwanzo. Niliweka kidole gumba.

Sasa ametoka na jingine, anataka eksirei. Nimempelekea maswali, ukurasa mmoja na nusu, likiwemo la nani atakayeisoma picha na nani atakayelipa bili ya stima. Anasema anayashughulikia.

Wakati tunamngoja, betri za UPS ya wodi zinafikisha umri wao mwezi ujao na kihisi cha kipimo kinakaribia. Paybill ni ile ile. Andikeni majina yenu kamili, na yule wa Kioko anipigie simu tuelewane. Walioahidi siku ya jogoo na hawajatimiza mnajijua, na orodha ninayo.